Macho Hayagawanywi Kama Mkate

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Daftari hili sikuliomba. Nimepewa na nesi wa kliniki, na ndani amepiga mistari mitatu kwa rula: tarehe, chombo, saa. Chombo maana yake simu, televisheni, au lile bamba la kioo wanaloliita tableti. Kazi yangu ni kuandika kila siku mjukuu wangu ametazama chombo gani kwa muda gani. Nafasi alizoacha ni nyembamba kama roho ya mchoyo, haienei hata salamu, kwa hiyo nitaandika nipendavyo.

Aliniuliza kama najua kuandika. Mimi! Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuwa naandika kabla mama yako hajaota meno." Niliishia darasa la nne, lakini hilo la nne nililisoma lote.

Mjukuu wangu ni wa kike, ana miaka minne. Nyumbani tunamwita Kifungo, kwa sababu akiwa na miezi tisa alimeza kifungo cha koti la mteja, tukakisubiri siku mbili. Kilitoka, nikakiosha, nikakishona mahali pake. Mteja hakujua na hadi leo hajui.

Shida ya Kifungo ni kusema. Nesi alimwekea picha ya ng'ombe. Mtoto akaipangusa kwa kidole ili ije nyingine. Ng'ombe hakuondoka. Akaipangusa tena kwa nguvu, halafu akanigeukia akinionyesha ile karatasi, kwamba imeharibika.

"Bibi, huyu anatazama simu muda gani kwa siku?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kawaida."

Akanitazama kwa yale macho ya watu waliosoma, akafungua kabati, akatoa daftari.

Basi mambo ni haya. Shule ya awali ya bure inachukua watoto arobaini tu, na fomu haipokelewi bila saini ya nesi kwamba mtoto anaongea. Atampima tena tarehe 26 mwezi wa tano, mvua zikiisha. Asipoongea hapati nafasi, na mwakani umri utakuwa umempita. Atatupwa darasa la kwanza hivyo hivyo na ububu wake, wamkalishe nyuma. Nyuma napajua. Nilikaa huko miaka minne nikisoma visogo vya wenzangu.

Jumanne, tarehe 4

Jana nilisahau jambo. Pale kliniki kuna televisheni ukutani, kubwa kama mlango. Tulikaa kwenye foleni toka saa mbili mpaka saa tano, katuni mtindo mmoja. Nimeandika: televisheni, saa tatu. Pembeni nimeweka: *hizi ni za kliniki, zisije zikatiwa kwenye hesabu yangu.*

Jumatano, tarehe 5

Mvua imeanza kwa kishindo. Ili nesi akisoma aelewe, nieleze nyumba yangu. Ni chumba kimoja. Cherehani iko dirishani, pasi ya mkaa iko mlangoni, katikati kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna vitambaa vya sare mia na ishirini za ile shule ya kulipia iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Mama yake Kifungo, binti yangu, ni yaya kwenye nyumba ya geti. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Sasa niambie, mtoto wa miaka minne kati ya sindano, mkasi na pasi ya moto nimweke wapi? Nikimtoa nje kuna tope na malori. Nikimpa simu anatulia kama mzigo. Simu haichomi, haikati, haina ncha. Ni yaya wangu mimi, tena asiyekula.

Simu yenyewe ina ufa kama mguu wa kuku, lakini wenzangu wakienda kazini wanaondoka na zao, hivyo mvua ikinyesha watoto wa majirani wanakuja kujibanza kwangu. Leo ilikuwa wazi toka saa tatu mpaka saa tisa. Jumla saa sita. Vichwa vilikuwa sita, Kifungo akiwemo. Sita kwa sita, moja. Nimeandika: Kifungo, saa moja. Kugawanya nilikujua tangu darasa la tatu. Na gora la kitambaa ukiligawia watu sita, hakuna anayeondoka na gora zima.

Alhamisi, tarehe 6

Saa sita, vichwa vinane. Dakika arobaini na tano.

Ijumaa, tarehe 7

Mvua kubwa. Vichwa kumi na viwili, wawili kati yao sijui hata ni wa nani. Nusu saa. Kadiri wanavyoongezeka ndivyo Kifungo anavyopona.

Jumapili, tarehe 9

Binti yangu yuko nyumbani, kama kulala kifudifudi na viatu ni kuwa nyumbani. Nikamwambia, "Mtoto ulimzaa wewe, mbona mdomo unauacha kazini?"

"Mama, koo linaniuma."

"Koo! Kwani kule unalima kwa koo?"

Vijana wa siku hizi wanachoka mahali ambapo sisi hatukujua kama panachoka.

Alipoamka alinisimulia nyumba ya Bosi wake. Televisheni tatu, tableti mbili, hata jokofu lina kioo kinachotaja hali ya hewa. Na mtoto wao wa kiume, miaka mitano, haruhusiwi kutazama hata kimoja! Vyote vimefungwa kwa namba za siri. Anapewa nusu saa, Jumamosi tu, na mama yake ameketi pembeni akimfafanulia. Nilicheka hadi nikajidunga sindano. Watu wanajaza nyumba vioo ili wavifungie! Ni kama kufuga kuku kisha ukatia mayai kufuli.

Nusu saa kwa wiki. Kifungo wangu aliipata Ijumaa peke yake. Nilimwonea huruma yule mtoto.

Jumatano, tarehe 19

Tulikwenda kutoa pole nyumba ya nyuma. Mzee wao, fundi saa, amefariki. Kifungo alikaa kimya, mikono mapajani, nikajisifu moyoni. Wakati wa kuaga, watu wanashikana mikono na mjane, mtoto akasimama mlangoni, akainua kidole gumba, akasema kwa sauti ya kopo, ile ile ya video za simu:

"Asanteni kwa kututazama! Usisahau kujiunga na kubonyeza kengele!"

Sentensi! Nzima, haina kasoro. Miaka minne naisubiri, imekuja kutokea msibani.

Mjane akauliza, "Amesema nini huyu?" Jirani yangu mmoja tunamwita Redio, kwa kuwa habari ikimwingia haikai. Huyo ndiye aliyefafanua: "Anasema ubonyeze kengele, mama." Mjane akatazama huku na huku akiitafuta kengele. Halafu akacheka. Siku tatu alikuwa hajala wala hajasema, akacheka hadi akashika ukuta. Wanawe wakatukodolea macho. Nikamkwapua Kifungo, tukatoka mbio mvuani.

Nimejiuliza kama nimwambie nesi. Nimeandika: *Leo ameongea. Usiulize amesema nini.*

Ijumaa, tarehe 21

Mvua. Saa sita, vichwa tisa. Dakika arobaini.

Jumatatu, tarehe 31

Leo nesi amelisoma daftari. Nilivaa gauni langu la kutokea, maana nilijua nakwenda kusifiwa.

Akafunua kurasa, akatabasamu. "Nusu saa! Dakika arobaini! Bibi, hongera. Hata wangu nyumbani wanazidi hapo."

"Ni kujua kubana tu," nikasema.

Halafu akaanza kusoma yale maelezo. Akarudi nyuma. Akasoma tena, midomo inacheza.

"Bibi, hivi vichwa ni nini?"

"Vichwa vya watoto."

"Na kwa nini unagawanya?"

Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyesoma sana. Simu ni moja. Saa ni sita. Watoto ni tisa. Kila mmoja anapata fungu lake, hakuna aliyedhulumiwa.

Nesi akaweka kalamu mezani. Akaweka na miwani. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia.

"Bibi yangu," akasema alipopata pumzi, "macho hayagawanywi kama mkate. Kila mtoto ametazama simu nzima. Zikiwa saa sita, ni sita kwa kila mmoja. Hata wangekuwa mia."

"Hata yule wa nyuma anayeona visogo?"

Akafikiri. "Huyo labda tumpunguzie."

Hata chumba cha pili wakasikika wakicheka. Niliondoka bila kuaga. Njiani mvua ikalipata gauni langu la kutokea, nami nikaanza kupiga hesabu upya, safari hii bila kugawanya. Kifungo anakuwa macho saa kumi na mbili kwa siku. Sita ni za kioo. Nusu ya siku. Nusu ya mwezi. Nusu ya maneno yote ambayo angenisikia nikisema, kama ningekuwa nasema. Niliketi juu ya tairi bovu chini ya paa la duka la vipuri.

Kifungo akanishika goti. Nikadhani ananibembeleza. Alikuwa anatafuta simu mfukoni mwangu.

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa nne

Simu nimeifungia sandukuni. Kifungo amelia toka saa tatu mpaka saa saba, na mashati matatu nimeyashona mikono kinyume.

Redio akaja na wanawe watatu. "Bibi Fundi, leo sinema imefungwa?"

"Imefungwa. Wapeleke wakacheze nje."

"Nje gani?"

Tukatazama nje sote wawili. Tope lilikuwa linapita, limebeba kiatu cha mtu.

Jumatano, tarehe 2

Nesi alinipa karatasi ya ushauri. Kwanza, mtembeze mtoto bustanini. Bustani ipo, ina geti, geti lina mlinzi, na mlinzi ana swali: "Mnaishi mtaa huu?" Halafu, msomee vitabu viwili kila siku. Nina kitabu kimoja, cha maelekezo ya cherehani. Mwisho, ongea naye. Niongee naye nini? Mimi na cherehani tumekaa miaka thelathini bila kuongea na kazi inakwenda.

Alhamisi, tarehe 3

Amelia hadi saa nne tu.

Ijumaa, tarehe 4

Hajalia. Amekata kola ya sare kwa mkasi. Afadhali alipokuwa analia.

Jumatatu, tarehe 7

Nimemsomea kitabu cha cherehani. Ukurasa wa kwanza ni pa kutia mafuta. "Hapa," nikasema, "wanatia mafuta." Akaweka kidole. Ukurasa wa pili sindano imevunjika na kuna mshale mwekundu. Akashtuka. Kumbe kwake hiyo ni hadithi: kulikuwa na mashine nzima, sindano ikavunjika, fundi akaja. Alitaka turudie ile ya sindano mara tano. Mara ya tano akaipapasa, akasema, "Pole, sindano."

Nilijifanya nimeangusha uzi chini ya meza, nikakaa huko kwa muda.

Jumamosi, tarehe 12

Leo nina mambo, na mkono unaniuma, lakini nitaandika.

Bosi alipata kikao cha ghafla, na leo ilikuwa zamu ya binti yangu kupumzika. Basi wakakubaliana mtoto aje kushinda kwetu. Akaletwa na gari hadi penye tope, akabebwa mgongoni kutoka hapo. Alikuja na begi la vitabu vitatu na karatasi ya masharti: asipewe sukari, asipewe skrini, alale saa nane.

Mtoto ana miaka mitano na anaongea kama wakili. "Bibi, mbona buibui anaishi dirishani? Anakulipa? Mbona pasi yako inakula mkaa? Ikishiba inafanya nini? Mimi siruhusiwi skrini zaidi ya nusu saa mpaka nifike miaka sita kwa sababu ubongo wangu unakua."

"Unakua kuelekea wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri kabisa. "Kuelekea nyuma," akasema, "kwa sababu mbele kuna macho."

Nikageuka kutunga uzi. Kugeuka tena, hayupo, na Kifungo hayupo. Chini ya kitanda kuna mwanga. Kifungo alikuwa amelifungua sanduku (ufunguo naficha ndani ya kikombe, anajua) na alikuwa anamfundisha mwenzake kupangusa, bila neno, kwa kumshika kidole. Yule mtoto wa nyumba yenye vioo hadi kwenye jokofu alikuwa amelikumbatia bati langu lenye ufa kama fisi na mfupa. Nilipomvuta mguu alikuja na simu. Nilipovuta simu ilikuja na yeye.

"Bibi, kidogo tu! Bibi, usimwambie Mama! Bibi, nitakupa vitabu vyote!"

Binti yangu akaingia, akamtuliza, akamweka pajani, Kifungo akajisogeza upande wa pili. Akafungua kitabu.

Sijui niandikeje. Sauti iliyotoka sijawahi kuisikia nyumbani mwangu. Alikuwa chura, chura kweli, shavu limetuna. Akawa kikongwe mwenye mafua. Akawa mlango unaolia. Kifungo mdomo wazi, lakini si ule wa simu. Huu ulikuwa unafuata maneno, unayatafuna. Kitabu cha pili sauti ikaanza kukwaruza. Cha tatu ikakatika katikati ya simba, akanywa maji, akaendelea, maana yule mtoto alisema, "Rudia," na mtoto wa Bosi akisema rudia, unarudia.

Kumbe ndilo hilo koo. Vitabu vitatu kwa siku, na kila kimoja mara mbili, mwaka wa pili huu. Sauti yote ya mwanangu inabaki ndani ya geti, huku kwetu yanarudi makapi, na mimi ndiye niliyekuwa namsimanga kwamba mdomo ameuacha kazini. Ameuacha kweli. Ndiyo kazi yenyewe.

Yule mtoto alipoondoka nilimchemshia binti yangu maji ya tangawizi. Nikamwambia, "Kunywa, na usidhani nakubembeleza."

"Sijadhani, Mama."

"Kuanzia sasa ukirudi jioni, usiseme kitu. Kaa tu mtoto akuegemee. Kuongea nitaongea mimi."

Akanitazama juu ya kikombe. "Wewe? Utaongea nini?"

Hilo swali ni la haki.

Jumatatu, tarehe 14

Nimeanza kuongea. Kuongea kwangu ni kugomba, kwingine sikujui. Nikaanza na uzi: "Wewe, unakwenda wapi? Nani amekutuma? Rudi hapa kwenye tundu, usinione mzee." Nikaigomba pasi. Nikaugomba mkaa kwa uvivu. Mvua nikaiambia inanyesha kama haina kwao. Kifungo alicheka hadi akakaa chini. Kufikia saa sita sauti yangu ilikuwa imekwisha, nikaelewa kazi ya binti yangu ni kazi gani.

Jumatano, tarehe 23

Kifungo ameigomba pasi. "Wewe. Kaa hapo."

Jumatano, tarehe 30

Sare zinatakiwa keshokutwa. Simu, saa saba. Sigawanyi.

Na kwa kuwa naandika ukweli, acha niuandike wote. Kati ya hizo saba, moja na nusu zilikuwa zangu. Kuna tamthilia: mwanamke ameolewa na pacha wa mumewe na hajui. Tangu nilipomfungia mtoto simu, mimi nimekuwa nikiifungua kidogo akilala mchana. Nesi hakuniuliza macho ya bibi.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa tano

Nimepeleka sare. Kwa mara ya kwanza nimeingia ndani ya ile shule ya kulipia. Chumba kimoja watoto kumi na wawili, walimu wawili. Mchanga umewekwa ndani kwenye sanduku wauchezee. Sisi tunaufagia utoke, wao wanaulipia uingie! Ukutani kuna bango: *Hapa hatutumii skrini.* Mtoto mmoja, saizi ya Kifungo, akanishika gauni. "Wewe ni nani, na mbona una uzi kichwani?"

Nikamjibu vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nagombana na mtu, na sijui ni nani.

Jumanne, tarehe 13

Jua kidogo. Simu, hakuna. Kifungo amesimama mlangoni akasema, "Bibi, hili tope limeniudhi." Redio alikuwa anapita. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamekuja watu watatu kunipongeza.

Jumapili, tarehe 25

Kesho. Nimempigia pasi gauni lake mara mbili. Mvua imekatika, na hilo nalo silipendi, kimya kimezidi.

Jumatatu, tarehe 26

Kliniki, televisheni ile ile. Nikamgeuza Kifungo aelekee ukuta, nikamgombesha na rangi iliyobanduka tulipokuwa tunangoja.

Ndani walikuwapo nesi na mwalimu wa ile shule ya bure, msichana mdogo mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Nesi akaniambia nikae nyuma na nisiseme neno. Mimi, nisiseme neno! Nikakaa. Nyuma, kama kawaida yangu.

Nesi akaweka picha mezani. Ng'ombe. "Huyu ni nani?"

Kifungo kimya.

"Mtazame vizuri. Ni nani huyu?"

Kimya. Akaweka nyumba. Kimya. Mwalimu akamtazama nesi, nesi akamtazama mwalimu, yale macho yao. Maishani nimemwomba Mungu mvua, kazi, na binti yangu ajifungue salama. Sikuwahi kumwomba ng'ombe. Leo nimemwomba. Nesi akashusha pumzi, akachukua kalamu.

"Wewe," akasema Kifungo.

Nesi akainua kichwa.

"Wewe, hilo koti nani amekushonea? Pindo limelegea. Unatembea nalo hivyo hivyo mbele za watu?" Akaegemea meza kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni. "Na huyo ng'ombe mgeuze. Umemweka miguu juu. Nimekaa nangoja umgeuze, humgeuzi. Atapata kizunguzungu!"

Nesi akatazama picha. Kweli, alikuwa ameiweka imwelekee yeye mwenyewe. Akamgeuza ng'ombe.

"Haya," akasema Kifungo. "Sasa ni ng'ombe."

Mwalimu alikuwa ameficha uso ndani ya faili. Nesi akaandika, na mimi nikanyoosha shingo nikasoma: *Anaongea: ndiyo. Maelezo mengine: sana.*

"Bibi," akaniuliza, "haya yote ameyapata wapi?"

"Sijui," nikasema. "Ni damu tu."

Pindo nikamshonea pale pale, koti likiwa mwilini. Daftari akaniachia nimalizie kurasa.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Binti yangu aliomba ruhusa ya saa moja, akampeleka Kifungo shuleni. Alirudi kunipitia akilia kwa furaha, akaenda kazini bado analia.

Mimi nikashona. Nikaugomba uzi, haukunijibu. Ilipofika saa saba nikafunika cherehani, nikaenda kuchungulia.

Darasa la bure lina dirisha la nondo. Nikahesabu visogo arobaini, vyote vimeinuka kwa pembe moja. Ukutani televisheni. Katuni. Kifungo wangu mstari wa tatu, mdomo wazi, kimya.

Niligonga zile nondo kama nataka kuzing'oa. Mwalimu akatoka. "Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo yako iweke. Umewatia kioo?"

"Bibi, niko peke yangu." Sauti ilikuwa inakwaruza. "Mwenzangu alikwenda likizo ya uzazi, mtoto wake sasa ana miaka miwili. Hawa ni arobaini. Asubuhi nafundisha mpaka sauti inaisha, mchana nawasha hii. Tuliletewa msaada. Kwenye ripoti naandika ni somo la teknolojia."

"Na mkuu wako anasemaje?"

"Anasema hongera."

Nilikuwa nimekuja na ugomvi mzima, nimeupanga njiani neno kwa neno. Nikamtazama yule msichana, chaki hadi kwenye nyusi, nikaona sina wa kumgomba. Kule ng'ambo ya barabara walimu wawili, watoto kumi na wawili, na bango ukutani. Huku mmoja na televisheni. Kugawanya huko hata mimi ningekufanya vizuri zaidi.

"Swichi iko wapi?"

"Bibi, wataleta fujo."

"Nimeuliza swichi."

Nikaingia, nikaizima. Wakageuka wote arobaini, kamasi na yote, wakanitazama. Mwalimu akajikokota hadi benchi la nyuma kabisa, akaketi, akavua viatu. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya darasa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamnyooshea kidole wa kwanza.

"Wewe. Ndiyo, wewe. Shati lako vifungo vimekosana na matundu. Nani amekuvalisha? Simama utueleze."

Akasimama. Akavuta kamasi. Akasema ni baba yake.

"Mwongo!" mwenzake akadakia. "Amejivalisha mwenyewe, nimemwona njiani!" Watano wakainuka kutoa ushahidi, kumi wakaanza kuwapinga, na mstari wa tatu Kifungo akapanda juu ya benchi, mkono kiunoni.

"Kaeni chini, nyote! Mmoja mmoja!"